Aliugua Mara Ngapi? Swali Lisilomhusu Mwajiri Mpya

Anayeomba kazi Kasongo leo, iwe katika shirika la misaada, kituo cha afya, shirika la mikopo au kampuni ya madini, hupeleka dosye inayofanana na ya wenzake: barua, CV, nakala za diploma, kadi ya ONEM (ofisi ya taifa ya ajira), cheti cha mwenendo mwema, cheti cha daktari kwamba mwili unaiweza kazi, na atestasyo kutoka alikofanya kazi zamani. Chini ya CV huandika majina ya watu watatu na namba zao za simu, yaani referansi. Karatasi zote zina mihuri. Majina yale matatu hayana, na mara nyingi ndiyo yanayoamua.

Shefu mpya humpigia simu shefu wa zamani. "Papa, ule kijana alikuwa je?" Jibu linakuja bila ubaya wowote: "Anajua kazi, lakini anagonjwaka sana." Dosye inashushwa chini ya rundo, na mwenyewe hataambiwa kamwe kwa nini hakuitwa.

Je, mwajiri ana haki ya kuuliza mtu aliugua mara ngapi alikotoka? Na aliyeulizwa ana haki ya kujibu?

Sheria ya Kazi ya Kongo, namba 015/2002 ya tarehe 16 Oktoba 2002, imejibu nusu ya swali hilo, na imelijibu vizuri. Kifungu cha 79 kinamlazimisha mwajiri kumpa kila anayeondoka, kwa sababu yoyote ile, cheti kinachotaja aina ya kazi, muda wake, tarehe ya kuanza na ya kumaliza, pamoja na namba yake katika mfuko wa hifadhi ya jamii, ambao zamani uliitwa INSS na sasa ni CNSS. Baada ya hapo hakuna neno jingine linaloruhusiwa kuongezwa. Sifa haziruhusiwi, lawama haziruhusiwi, ugonjwa vilevile. Na cheti chenyewe kinatakiwa kutolewa ndani ya siku mbili za kazi.

Ukali huo una historia. Ufaransa ilifuta daftari la lazima la mfanyakazi mwaka 1890, ikaweka mahali pake cheti kifupi cha kazi. Huko Kenya, kuanzia mwaka 1920, Mwafrika mwanamume alilazimishwa kubeba kipande shingoni, ndani ya kikopo cha chuma, chenye alama za vidole, jina la mwajiri, mshahara na tarehe za kuingia na kutoka. Bila sahihi ya bwana wa zamani hakuweza kuandikwa kazi kwingine kihalali. Aliyetawala kipande ndiye aliyetawala riziki ya mtu hata baada ya kuachana naye. Cheti kifupi kinamnyima mwajiri wa zamani mamlaka hayo.

Tatizo ni kwamba kifungu cha 79 kinazungumzia karatasi. Juu ya simu hakisemi neno. Basi yale ambayo shefu hathubutu kuyapiga mhuri huyasema kwa mdomo, au kwa sauti ya WhatsApp, na hakuna mkaguzi wa kazi atakayeyaona.

Uingereza, ambako fomu za referansi zilikuwa na mazoea ya kuuliza idadi ya siku za ugonjwa, sheria ya usawa ya mwaka 2010 ilimkataza mwajiri kuuliza habari za afya ya mwombaji kabla ya kumpa ahadi ya kazi, isipokuwa kwa sababu chache zilizotajwa. Wanaosimamia sheria hiyo wanaeleza kwamba kumzunguka mwombaji na kumuuliza bosi wake wa zamani ni kosa lilelile. Naona huo ni mpangilio wa busara: kwanza chagua mtu kwa kazi anayoijua, kisha ndipo uangalie kama mwili wake unaihimili.

Kwetu hesabu ya siku za ugonjwa ina kasoro nyingine: haisemi nani aliyeugua. Katika hospitali za huku mgonjwa halazwi peke yake. Lazima awepo ndugu wa kumpikia, kumfulia, kukimbilia dawa na kulala chini ya kitanda chake. Mama aliyekosa kazi wiki mbili huenda alikuwa akimuuguza mtoto mwenye malaria kali, naye mwenyewe mzima kama chuma. Kwenye daftari la ofisi ameandikwa "ugonjwa". Mwingine alikuwa katika likizo ya uzazi, ambayo sheria inampa majuma 14, na sheria hiyohiyo inakataza kumbagua kwa sababu ya uzazi au kumdai kipimo cha mimba anapoomba kazi. Shefu wa zamani, akikumbuka kwa haraka kwenye simu, atasema tu: "Huyu mama hakuwa anaonekana."

Afadhali hata huyo. Sheria namba 08/011 ya tarehe 14 Julai 2008 inamlinda anayeishi na virusi vya UKIMWI dhidi ya ubaguzi, kazini pia. Lakini mtu akisema, "Kila mwezi alikuwa anaomba ruhusa kwenda hospitali," hajataja jina la ugonjwa, na katika mji kama Kasongo hahitaji kulitaja. Anayesikiliza atalitaja mwenyewe moyoni, pengine kwa makosa. Mtu wa kisukari na mtu wa shinikizo la damu watabeba uvumi uleule. Swali linaloonekana la kawaida linafungua mlango wa nyuma ambao bunge liliufunga.

Kuna pia ugonjwa unaoletwa na kazi yenyewe. Twende Kabambare. Mgodi wa dhahabu wa Namoya, kule Salamabila, ulianza uzalishaji wa kibiashara chini ya kampuni ya Banro mwanzoni mwa 2016, na mwaka 2019 kazi zikasimamishwa kwa sababu ya ukosefu wa usalama. Kabla yake kulikuwa na kampuni ya madini ya SOMINKI, iliyoundwa mwaka 1976, ambayo wafanyakazi wake wa zamani walidai malipo yao ya mwisho kwa miaka mingi. Mfanyakazi wa mgodi hupumua vumbi. Akikohoa, akilazwa, akakosa zamu, mara nyingi kazi yenyewe ndiyo iliyomwumiza. Sasa fikiria kampuni iliyomtia vumbi mapafuni ndiyo inayompasha mwajiri wa pili habari kwamba huyu ni mtu wa kukohoa! Na kampuni ikisimama, anayebaki na simu ni msimamizi mmoja tu, mbali, anayejibu kwa kumbukumbu na kwa chuki zake.

Waajiri nao wana hoja, na si ya kupuuzwa. Mradi wa miezi sita wenye watu wanne ukimkosa mmoja kwa miezi miwili unalegea, na mfadhili hataki kusikia sababu. Dereva mwenye kifafa katika barabara ya Kasongo hadi Kindu ni hatari kwa abiria wote. Ni kweli. Lakini la dereva linajibiwa na daktari. Cheti cha afya kipo tayari katika dosye zetu. Kinachohitajika ni kukidai baada ya mtu kuchaguliwa, kwa gharama ya mwajiri, na daktari aandike kama anaiweza kazi hii au haiwezi. Kuhusu mradi wa miezi sita, siku za zamani zinatabiri kidogo sana: mgonjwa wa kifua kikuu hutibiwa kwa miezi sita, akapona, na mwaka unaofuata akawa mzima kuliko aliyemhoji.

Utoro ni jambo jingine. Anayeacha kazi bila ruhusa huandikiwa barua ya kumtaka maelezo, na barua hiyo hubaki kwenye faili. Shefu mwenye barua hizo anaweza kusema alichonacho. Asiye nazo anyamaze, asiuite utoro ugonjwa wala ugonjwa utoro.

Tukumbuke pia kwamba siku za ugonjwa wenye cheti ni haki iliyokwisha kupimwa. Mfanyakazi hulipwa theluthi mbili za mshahara wake, na mwajiri hawezi kuvunja mkataba kwa sababu hiyo kabla ya miezi sita mfululizo. Kumtaja baadaye kwa siku hizo ni kumtoza mara ya pili.

Kwa hiyo, shefu unayeajiri, lifute swali hilo kwenye fomu yako. Nawe unayepigiwa simu, jibu yale ya kifungu cha 79: kazi aliyofanya, tangu lini, mpaka lini. Ukiulizwa zaidi juu ya mwili wake, mwambie aliyekupigia amchague kwanza, kisha amlipie kwenda kwa daktari.