Makombo si taka, jamani!

Wadau, leo nina hasira, mnivumilie. Kila jioni hapa chuoni makombo ya ugali na maganda ya ndizi yanamwagwa shimoni pamoja na chupa za plastiki, halafu asubuhi tunakaa darasani kujadili usalama wa chakula na mabadiliko ya tabianchi. Usanii mtupu!

Chakula kikioza shimoni bila hewa kinatoa methani, gesi inayopasha dunia joto zaidi ya mara 25 kuliko kaboni dioksidi, kwa hesabu ya miaka 100. Na ugali huo jirani hapa Pongwe angewapa kuku wake. Maganda mkulima angefanyia mboji. Badala yake anakopa anunue yurea, mbolea ambayo viwanda vingi duniani vinaitengeneza kwa gesi asilia.

Eti teknolojia hatuna. Nani kasema? Hapo Hale, kufikia 2008 mabaki ya mkonge yalikuwa yanazalisha biogesi na umeme, maana singa ni kama asilimia 4 tu ya jani. Tope linalobaki nalo ni mbolea. Mkoa uliotoa umeme kwenye makapi ya mkonge unashindwa na ndoo mbili jikoni?

Ndoo mbili tu: moja ya makombo, moja ya plastiki. Hazihitaji mfadhili wala semina yenye posho. Mnaosema hiyo ni kazi ya wafagiaji, kwani wanaokula ni wao?

Serikali ya wanafunzi, mpo? Kwenye kampeni mlituahidi intaneti. Sasa hivi tunaomba ndoo.