Mtoto Yupi Achaguliwe?

Kuna wanaosema kwamba Mkristo asiguse kabisa filamu za mashetani, na kuna wanaosema kwamba filamu ni mchezo tu, haimfundishi mtu lolote. Hatuwafuati hao wala hawa. Wa kwanza wanakataza wasichokitazama. Wa pili wanasahau kwamba wengi wetu tuliijua sura ya pepo, yaani sauti nzito, macho meupe na shingo inayozunguka, kwenye kioo cha televisheni kabla hatujasoma neno la Injili juu yake.

Tuchukue The Exorcist: Believer, ambayo wanaoitazama kwa Kifaransa huiita L'Exorciste: Dévotion. Ilitoka Oktoba 2023, ikiongozwa na David Gordon Green, nayo inajitangaza kuwa mwendelezo wa The Exorcist aliyoiongoza William Friedkin mwaka 1973. Iliripotiwa mwaka 2021 kwamba haki za kutengeneza filamu tatu za namna hiyo zilinunuliwa kwa dola zipatazo milioni 400. Aliyelipa kiasi hicho atatoa filamu hata kama hana la kusema. Lakini hii, tuiheshimu kwa hilo, ilikuwa na neno.

Neno lenyewe limewekwa mwanzoni, katika nchi ya Haiti. Victor Fielding, mpiga picha, yuko Port-au-Prince pamoja na mke wake mjamzito. Ardhi inatetemeka, nyumba inaanguka, na daktari anamweleza kwamba hawezi kuwaokoa wote wawili, mama na mtoto. Anayebaki ni mtoto, Angela. Miaka 13 baadaye binti huyo anaingia msituni na rafiki yake Katherine kutafuta sauti ya mama asiyemjua, na baada ya siku tatu wanarudi wakiwa si wale wale. Mwigizaji Leslie Odom Jr. anaibeba huzuni ya baba huyo bila makelele, na sisi tunaamini kila hatua yake. Hapo filamu imesema kweli: si udadisi tu unaompeleka kijana kwa waita mizimu, mara nyingi ni kilio ambacho hakuna mtu mzima aliyekisikiliza.

Baada ya hapo kazi inalegea. Ellen Burstyn, mama wa filamu ya kwanza, anaitwa tena baada ya miaka 50, kisha anatobolewa macho na kulazwa hospitalini. Jina lake lilihitajika kwenye bango kuliko yeye mwenyewe kwenye hadithi.

Hilo tunaweza kulisamehe. Tusiloweza kulisamehe ni hili. Katika filamu ya 1973, Regan anapitishwa mbele ya madaktari kwa muda mrefu, anapimwa na kuchomwa sindano hata mtazamaji anaumia, kabla padri yeyote hajaitwa. Padri Karras mwenyewe ni mtaalamu wa magonjwa ya akili. Ana mashaka, anatafuta sababu nyingine, na anangoja ruhusa ya askofu. Katika filamu ya 2023 hospitali inapitwa mbiombio, kisha majirani wanakusanyika: mchungaji wa Kibatisti, mhubiri wa Kipentekoste, mganga wa mizizi, na muuguzi aliyewahi kuwa mnovisi. Watoto wanafungwa kwenye viti. Padri Maddox amekatazwa na wakubwa wake, na filamu inamweka kwanza garini kama mwoga, ili tuwachukie waliomkataza.

Sisi tunasimama upande wa waliomkataza. Kanuni ya 1172 ya Sheria za Kanisa inasema kwamba hakuna awezaye kuwapunga pepo waliopagawa bila ruhusa maalumu na ya wazi ya askofu wa mahali, naye atampa tu padri mwenye ibada, elimu, busara na maisha manyofu. Katekisimu, namba 1673, inataka kwanza kuhakikisha kwamba jambo si ugonjwa. Huu si urasimu wa ofisi, ni ukuta unaomkinga mtoto. Palipo bila ukuta huo, mwenye kifafa hufungwa kamba, mwenye malaria hunyimwa dawa na chakula kwa jina la mfungo, na anayekojoa kitandani huitwa mlozi. Mtajibu kwamba filamu inasifu umoja wa majirani wanaosali. Wasali! Kumwombea mgonjwa ni haki ya kila mbatizwa, wala sala haihitaji kamba.

Tena kuna swali la pepo. Anawaambia wazazi: mmoja ataishi, mmoja atakufa, chagueni. Baba wa Katherine anashindwa kuvumilia na kumchagua binti yake. Na aliyechaguliwa ndiye anayekufa. Tunaisifu filamu kwa kuonyesha kwamba muongo hudanganya hata anapoonekana kutoa nafuu. Lakini inapita haraka juu ya maiti ya mtoto ili ifike kwenye maneno ya matumaini. Mwaka 1973 mtu mzima alimwita pepo amwingie yeye, ili mtoto aachiliwe. Mwaka 2023 mtu mzima anaingia katika biashara na pepo juu ya watoto.

Swali hilo linaulizwa katika miji yetu bila sinema. Familia imefiwa, kazi imepotea, na anayejiita nabii anauliza: katika watoto hawa, ni nani anayewala wengine? Anayetaja jina amefanya kama baba wa Katherine. Katiba yetu, kifungu cha 41, inakataza kumshtaki mtoto kwa ulozi, na sheria namba 09/001 ya tarehe 10 Januari 2009, kifungu cha 160, inamtishia mshtaki kifungo cha mwaka mmoja hadi mitatu. Vijana wapendwa, zijueni namba hizo kama mnavyojua majina ya waigizaji. Na kikundi kikiitazama filamu hii pamoja, kiongozi aisimamishe pale pepo anapouliza, azime sauti, na kila mmoja aseme angejibu nini.

Filamu ya pili ya Green, iliyokuwa imetangazwa kwa Aprili 2025, haikutoka. Kazi imekabidhiwa kwa Mike Flanagan. Tutatazama kwanza kama daktari amerudishiwa nafasi yake.