Thumuni ya Nini? Hoja Kuhusu Jina la Sarafu

Katika orodha za wakusanyaji wa sarafu za Afrika Mashariki, kisarafu chenye picha ya simba mbele ya milima hutambulishwa kwa thamani yake tu: senti 50. Jina ambalo kisarafu hicho kilipewa na wanunuzi na wachuuzi, yaani thumuni, au sumuni kwa matamshi ya wengi nchini Kenya, huachwa nje. Wapo hata wanaolidhania kuwa neno la mitaani lisilostahili kuandikwa katika insha. Makala haya yanashikilia kwamba thumuni ni istilahi kamili ya elimu ya sarafu, na kwamba kulipuuza ni kufuta ushahidi wa historia ya uchumi wa pwani na bara.

Asili ya neno lenyewe haina utata. Kwa Kiarabu, thumni ni sehemu moja ya nane, na Kiswahili kililipokea pamoja na ndugu zake: theluthi, robo, sudusi na ushuri. Utata huzuka hesabu inapofanywa. Shilingi ina senti 100, na thumuni yake ni senti 12 na nusu. Senti 50 ni nusu ya shilingi. Sarafu za kikoloni zenyewe zilibeba maandishi ya Kiingereza yenye maana hiyo hiyo. Inakuwaje basi wasemaji wakaita thumuni kitu kilichoandikwa nusu? Je, hawakujua hesabu?

Walijua barabara. Walichokuwa wakigawa ni reale, wala si shilingi. Kabla ya utawala wa Waingereza kukita mizizi, sarafu kuu ya biashara kubwa pwani ilikuwa reale ya fedha ya Maria Theresa, ile iliyoendelea kupigwa chapa ya mwaka 1780 hata baada ya malkia huyo kufariki. Kando yake ilikuwako rupia ya India, iliyogawika kuwa anna 16 au pesa 64. Reale moja ilikaribia rupia 2 na ziada ndogo. Kwa hiyo, thumuni ya reale ilikuwa takribani robo ya rupia. Mwaka 1920 rupia ilibadilishwa kwa florini, na mwaka 1921 florini ikabadilishwa kwa shilingi 2. Robo ya rupia ikawa nusu ya shilingi, nayo ni senti 50. Thamani ilibaki karibu pale pale ilhali kipimo kilichoigawa kilitoweka. Msemaji alishikilia jina alilolizoea, naye alikuwa na haki.

Jambo hili si geni katika lugha. Neno pesa, lililotaja sehemu ndogo sana ya rupia, leo linataja fedha zote. Hela nayo ilitokana na sarafu ya Wajerumani iliyoanza kutumika katika koloni lao mwaka 1904, rupia moja ikiwa na hela 100. Koloni lilikwisha, neno likasalia Tanzania. Maneno hayo mawili yalipanuka kimaana. Thumuni, kwa upande wake, ilisinyaa: kutoka sehemu ya kitu chochote hadi jina la sarafu moja, bila kuiacha maana ya kwanza. Mwanafunzi wa semantiki atapata wapi mfano bora kuliko huu?

Huenda wengine wakasema kwamba neno lisilo na matumizi halina budi kufa. Ni kweli kwamba sarafu mpya za Kenya zilizozinduliwa mwaka 2018 zinaanzia shilingi moja, na kijana wa leo hanunui chochote kwa sumuni. Hata hivyo, wazee wangali wakisema fulani hana hata ndururu wala sumuni, na asiyejua asili ya maneno hayo husikia ufukara tu, asipate kujua ni kiasi gani kilichokosekana.

Yafaa basi kamusi zisiishie kwenye fasili ya 'senti hamsini'. Zieleze kwamba thumuni ni sehemu moja ya nane, kisha ni jina la sarafu, na zitaje reale iliyozaa jina hilo. Wakusanyaji nao waliandike jina hili kando ya tarakimu. Nao wanafunzi wa Kiswahili wawaulize wazee majina ya sarafu za zamani na matumizi yake, mapema kabla wenye kuyajua hawajatuondokea. Tunapohangaika kubuni istilahi mpya kila uchao, tusidharau zile zilizokwisha kupita mikononi na vinywani mwa watu. Akiba haiozi.