Boya la Tanki na Boya la Kisima



Miaka michache iliyopita, kabla ya adhana ya Alfajiri, binti yangu alibisha mlango wa chumba chetu akasema, "Baba, mvua inanyesha." Ulikuwa mwezi wa Agosti, na mtu wa Mpanda anajua kuwa Agosti haina mvua. Nilipotoka uani nilikuta maji yakimiminika kutoka juu ya tanki, yakichimba mfereji chini ya nguzo zake na kupotelea barabarani. Jioni iliyotangulia mama watoto aliwasha pampu, umeme ukakatika, nasi tukalala bila kuzima swichi. Usiku wa manane umeme ulirejea, na pampu ikaendelea na kazi yake hali ya kuwa nyumba nzima imelala.

Siku ile nilitia udhu kwa haya. Tumesoma kuwa Mtume (S.A.W.) akitawadha kwa kibaba kimoja cha maji, kipimo kisichofika lita moja. Mimi nilikuwa nimemwaga mamia ya lita ardhini katika kiangazi cha Katavi, ambako mvua hukoma Aprili na kwa kawaida haionekani tena hadi Novemba. Ni msimu ambao Mto Katuma hupungua mpaka viboko wa hifadhi wanabanana katika madimbwi yaliyobaki. Anayemwaga maji katika msimu huo hana udhuru.

Nikaazimia kuwa pampu yangu ijizime yenyewe. Fundi akaniletea swichi ya boya. Ni chombo chepesi cha plastiki kinachoning'inia kwa waya ndani ya tanki. Maji yakipungua, boya huning'inia kichwa chini na pampu huwaka. Maji yakijaa, boya huelea, hugeuka, na pampu huzimika. Juu ya waya huo kuna kizito kidogo cha kusogezwa, na umbali baina ya kizito na boya ndio unaoamua maji yapungue kiasi gani kabla ya pampu kuwaka tena. Kizito kikiwa karibu mno na boya, pampu itawaka na kuzima kila mara, na mota huchoka upesi kwa kuanzishwa mara nyingi.

Furaha ilikuwa kubwa nyumbani. Mama watoto, ambaye kwa miaka alikuwa akikatiza mapishi na usingizi kwenda kutazama tanki, alipumzika. Sisi watu wa Mpanda tuliishi muda mrefu kwa umeme wa majenereta ya dizeli, tukazoea kuukimbilia unapokuja. Sasa umeme ungekuja saa yoyote, na tanki lingejijaza. Nilijiona nimemaliza kazi.

Ilipofika Oktoba, bibi jirani yetu alikuja uani na ndoo yake. Kisima chetu ni cha kuchimbwa kwa mkono, na tangu enzi za marehemu baba majirani wamekuwa wakichota asubuhi na jioni. Nilimwamkia, "Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kukuuliza jambo. Kisima chenu siku hizi kina kiu kuliko sisi. Jana nimetoa ndoo ya tope, na leo pia. Je, tumewakosea?"

Nilikosa jibu. Nilikwenda kisimani nikasikia pampu ikinguruma bila maji. Nikauzima umeme, nikaigusa bomba yake, ilikuwa ya moto. Baada ya siku mbili mota iliungua.

Hapo ndipo nilipofahamu kosa langu. Boya lililomo ndani ya tanki linajua jambo moja tu, nalo ni kama tanki limejaa. Halijui kama kisima kina maji, wala halijui kuwa kuna bibi anayesubiri zamu yake. Zamani, mama watoto alipokuwa akiwasha pampu kwa mkono, alikuwa kwanza akichungulia kisimani. Akimwona jirani anachota, alingoja. Mimi niliuondoa mkono wake na jicho lake kwa pamoja, nikaweka badala yake chombo kinachotazama upande mmoja, upande wetu.

Ndugu msomaji, Mtume (S.A.W.) ametufundisha kuwa watu ni washirika katika maji, na ametukataza kumnyima mwenye haja maji yaliyozidi. Mimi sikumnyima mtu kwa ulimi wangu. Lakini mashine niliyoiamrisha ilifanya hivyo kila siku, na mwenye kuamrisha ndiye atakayeulizwa.

Kabla ya kununua pampu nyingine nilifanya hesabu ambayo nilipaswa kuifanya tangu mwanzo, na kila mwenye kisima anaweza kuifanya kwa kamba, jiwe na saa. Kisima changu kina upana wa mita moja. Kisima cha duara cha upana huo hubeba takriban lita 785 katika kila mita moja ya kina cha maji. Nilipima kina mwisho wa kiangazi, nikapata mita moja na nusu. Kisha, baada ya kuchota, niliacha saa nzima nikapima tena. Maji yalikuwa yamepanda sentimita 15, yaani lita 118 hivi kwa saa. Kuhusu pampu, ile ya zamani ilikuwa ikijaza ndoo ya lita 20 kwa sekunde 40, ambayo ni sawa na lita 1,800 kwa saa. Pampu ilikuwa ikivuta mara kumi na tano ya kile ambacho ardhi inarudisha. Hakuna kisima kitakachostahimili hali hiyo.

Kisha nikahesabu haja yetu. Tuko watu saba. Kwa lita 40 kila mmoja, nyumba inahitaji lita 280 kwa siku. Tanki letu ni la lita 1,000. Kumbe hatukuwa na haja ya kulijaza kila siku hata kidogo.

Kwa hesabu hiyo fundi aliweka boya la pili, safari hii ndani ya kisima. Hili hufungwa kinyume cha lile la tanki. Maji yakiwa juu, huelea na kuruhusu pampu, na yakishuka, huning'inia na kuikatalia. Mabuya haya mawili yamo katika njia moja ya umeme, kama milango miwili katika ujia mmoja. Pampu haiwaki mpaka yote mawili yakubali, yaani tanki liwe na haja na kisima kiwe na uwezo. Likikataa moja, pampu hukaa kimya.

Fundi alitaka kuliweka boya la kisima juu kidogo tu ya mdomo wa pampu, kiasi cha kuilinda mota isiungue. Nilimwomba alipandishe mpaka mita moja kutoka chini. Mita hiyo si yetu. Hata ukiacha maji ya chini kabisa yenye tope, mna ndoo 30 za lita 20 ndani yake, na hiyo ni haki ya majirani ambayo pampu yangu haiwezi kuigusa. Mwisho wa kiangazi hutubakia nusu mita ya juu, lita 390 hivi, nayo inatutosha na kuzidi.

Tukaongeza pia swichi ya saa, inayoruhusu pampu kuanzia saa tano asubuhi hadi saa tisa alasiri tu. Hizo ndizo saa ambazo watu hawachoti. Pia ni saa ambazo sisi wenyewe tu macho, kwani hata boya huweza kukwama au waya wake kujiviringa. Bomba la kumwagia ziada tuliliacha, na tukalielekeza mahali linapoonekana kutoka jikoni. Likitoa maji, tunajua kuna hitilafu.

Nawasihi wazazi mambo matatu ya usalama. Kwanza, umeme na maji havichezewi. Kazi hii apewe fundi umeme mwenye leseni ya EWURA, aweke waya wa ardhi na swichi inayokata umeme unapovuja, na mtu yeyote asiguse boya wala pampu kabla ya umeme kuzimwa. Mota ikiwa kubwa, umeme wake usipite katika boya moja kwa moja, bali boya liamrishe kontakta, nayo ndiyo ibebe mzigo. Pili, kisima kiwe na mfuniko imara ambao mtoto hawezi kuuinua, na tundu la kuchotea lifungwe baada ya kuchota. Tatu, asiteremshe mtu jenereta wala pampu ya petroli ndani ya kisima, na asishuke mtu kisimani ilhali injini inafanya kazi mdomoni mwake. Moshi wake hujaa chini na kuua bila harufu ya kutosha kumwonya aliyemo.

Kazi ya pili ilinigharimu pampu nzima ambayo ingesalimika kama ningepima kabla ya kununua. Lakini gharama hiyo ni nyepesi kuliko swali la yule bibi. Siku tulipomaliza nilikwenda kumwomba radhi. Akaniuliza, "Sasa mashine yenu imejifunza adabu?" Nikamwambia mashine haijifunzi, bibi, tumeifungia mpaka. Akacheka, akampa mjukuu wake ndoo.

Binti yangu ndiye anayepima kina cha kisima sasa, kila Ijumaa asubuhi, na kuandika katika daftari la shule lililokwisha. Ameshaona kwa macho yake namna mstari unavyoshuka toka Mei hadi Oktoba na kupanda mvua zinapokuja. Nadhani elimu hiyo itamfaa kuliko swichi zote nilizonunua.

Ewe uliye na kisima, ukitaka kijiendeshe chenyewe, usianze na duka la vifaa. Anza na kamba na jiwe, ujue umepewa kiasi gani. Kisha waulize wanaochota nawe. Baada ya hapo, mwambie fundi boya likae wapi.

Wabillahi tawfiq.