Kompyuta Mpya, Njoo-Kesho Ile Ile

Waungwana wa Voi, Mwatate, Wundanyi na Taveta, kuna jambo linanikereketa rohoni, nami nikilinyamazia nitakuwa nimeshiriki dhambi. Vyuo vikuu vyetu vimenunua kompyuta, vimefungua tovuti na kututangazia kwamba sasa kila kitu ni kidijitali. Lakini mwanafunzi bado anazungushwa ofisi hadi ofisi kama mshtakiwa. Ada ya mja hunena, muungwana ni kitendo.

Mtazameni kijana wa Kasigau aliyemaliza masomo na sasa anatafuta transkripti yake. Anajaza fomu ya kliaransi, ile ya kuonyesha kwamba hadaiwi na ofisi yoyote, kwenye simu. Simu inamjibu: ombi limepokelewa. Anamshukuru Mungu. Kesho yake anaambiwa aiprinti fomu ile ile, aambatishe nakala ya kitambulisho, aipeleke kwa mkono maktaba, bwenini, idara ya michezo na ofisi ya fedha, na kila meza itie sahihi na muhuri. Basi ni nauli ya kufika Voi, pesa za kuprinti kwenye saiba, nauli ya chuoni na cha kutia tumboni njiani. Akifika, mwenye muhuri ametoka kidogo. Koti lake liko kitini, mwenyewe hayupo. Naye akirudi, shuhudieni ajabu: anaipokea karatasi iliyotoka kwenye kompyuta, anailaza kando ya kibodi, kisha anaanza kuichapa upya, herufi moja moja, kwenye kompyuta nyingine! Ukistaajabu ya Musa utayaona ya Firauni.

Wala msisingizie mtandao. Mama muuza mboga wa soko la Voi hakusomea kompyuta, lakini hupokea malipo kwa M-Pesa, iliyoanza mwaka 2007, na hajapata kumwambia mteja arudi kesho na nakala mbili. Serikali ina eCitizen tangu 2014. Nafasi ya chuo huombwa kwenye tovuti ya KUCCPS, na mkopo wa masomo wa HELB huombwa kwa mtandao vilevile. Mtoto anaingia chuoni kwa simu. Mbona kutoka ni kwa karatasi?

Kosa si la mashine. Fedha wana daftari lao, maktaba wana lao, bweni wana lao, na hakuna anayetaka mwenzake achungulie. Mfumo uliponunuliwa, hakuna aliyeuliza sahihi ya nne ni ya kazi gani. Utaratibu wa zamani ulitiwa kwenye kompyuta pamoja na mizunguko yake yote, sawa na mtu aliyenunua trekta kisha akalifungia maksai walivute. Na wengine, tuambiane kweli, wanaupenda muhuri kwa sababu ndio ukubwa wao. Mtu asiposimama mlangoni ameinamisha kichwa, watajuaje kuwa wao ni wakubwa? Mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Kifungu cha 47 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya kuhudumiwa na ofisi kwa haraka, kwa ufanisi na kwa haki. Nasi tunaomcha Mungu tulijua kabla ya Katiba kwamba cheo ni amana, na amana ina siku ya kuulizwa.

Nanyi vijana msicheke, zamu yenu imefika. Usiku kucha mnamaliza bando kwa video za vichekesho, lakini nywila yenu ya HELB anaijua kijana wa saiba! Mmemwachia namba ya kitambulisho, namba ya simu na jina la mama mzazi, kisha pesa zikipotea mnailaumu serikali. Sheria ya Kulinda Data ipo tangu 2019, lakini sheria gani itamlinda aliyeandika nywila yake kwenye daftari la mtu mwingine? Mchuma janga hula na wa kwao.

Nirudi kwa wakubwa. Ninyi si wajinga, na ndiyo maana nasema nanyi. Chuo Kikuu cha Taita Taveta kilipopata hati yake mwaka 2016, kaunti hii ya watu wapenda shule ilijivuna, na haki yake. Wasomi wanaofundisha uhandisi wa madini hawawezi kushindwa na fomu. Natamani mfano mwema utoke kwetu, Nairobi wauige.

Basi wasajili wa vyuo, popote mlipo, chukueni fomu ya kliaransi na mfute kila sahihi isiyo na kazi. Ofisi zipelekeane majibu zenyewe, na mwanafunzi aambiwe kwa simu siku ambayo transkripti itakuwa tayari. Asiye na simu wala bando asifukuzwe. Awekewe dawati na mtu wa kumsaidia. Haya hayahitaji mkopo wa Benki ya Dunia. Yanahitaji mkubwa mmoja mwenye haya.