Msijifiche Nyuma ya Mtoto wa Kolwezi

Wamezuka watu wenye huruma ya ghafla. Miaka nenda miaka rudi wamejaza tangi kituoni bila kuuliza mafuta yametoka wapi, wala nani aliumia yalipokuwa yakichimbwa. Siku walipoliona gari la umeme likipita kimya ndipo wakamkumbuka mtoto wa Kolwezi, Kongo, anayechokora kobalti ya betri kwa mikono. Eti gari la umeme linaharibu mazingira kuliko la petroli. Eti betri ni balaa, na umeme wenyewe ni wa makaa ya mawe.

Makaa yapi? Kenya haina mtambo mkubwa hata mmoja wa umeme wa makaa. Ule uliopangwa kujengwa Lamu, wananchi waliukatalia mpaka baraza la rufaa za mazingira likafuta leseni yake Juni 2019. Takribani sehemu tisa kwa kumi za umeme wa Kenya hutokana na mvuke wa ardhini wa Olkaria, mabwawa, upepo wa Turkana na jua. Hoja ya makaa ina pa kusimama Poland au Afrika Kusini. Anayeitoa Nairobi ameikuta kwenye simu akaisambaza bila hata kutazama nyaya za mtaani kwake zinaanzia wapi.

Betri, nakubali, ina deni. Gari la umeme huzaliwa na mzigo mkubwa zaidi wa hewa ukaa kuliko la petroli, kwa sababu kuchimba madini na kutengeneza betri kunakula nishati nyingi. Ziada hiyo ni tani kadhaa. Haya, tupige hesabu. Lita moja ya petroli ikiungua hutoa kilo 2.3 hivi za hewa ukaa. Gari linalokwenda kilomita 10 kwa lita, likitembea kilomita 15,000 kwa mwaka, linatapika karibu tani tatu na nusu mwaka huo, na mwakani tena, na mwaka utakaofuata, mpaka siku litakapopelekwa kwa wauza vyuma chakavu. Hapo hatujahesabu moshi wa kuyachimba mafuta hayo, kuyasafisha na kuyavusha bahari. Kwa umeme wa Olkaria, deni la betri ya gari la kawaida hulipika kwa miaka miwili hivi. La petroli halilipiki kamwe, kwani kila safari ni mkopo mpya.

Sasa Kolwezi, na hapa sitaki mzaha. Kongo hutoa takribani asilimia 70 ya kobalti ya dunia. Sehemu yake huchimbwa na wachimbaji wadogo wanaoshuka mashimoni bila nguzo wala kofia, na watoto wamo. Ni watu wanaolia na kuzika kwa Kiswahili hikihiki. Aibu hiyo ni ya kweli, na kampuni za magari zinapaswa kubanwa zionyeshe madini yao yametoka shimo gani.

Lakini mtetezi wa petroli hana haki ya kumfanya mtoto yule wakili wake. Kobalti imo kwenye simu anayoitumia kutuhubiria. Viwanda vya kusafisha mafuta navyo huitumia kuondoa salfa. Na karibu nusu ya betri za magari ya umeme zinazouzwa duniani leo ni za chuma na fosfati, hazina kobalti hata chembe.

Kama ni machozi, basi tulie yote. Wako wapi waliolia kwa ajili ya Waogoni wa Nigeria, ambao ardhi na mito yao imelowa mafuta kiasi kwamba Umoja wa Mataifa ulisema mwaka 2011 kuisafisha kungechukua miaka 25 hadi 30? Ken Saro-Wiwa aliyewasemea alinyongwa na serikali ya kijeshi mwaka 1995 pamoja na wenzake wanane. Wako wapi waliolia kwa ajili ya Msamvu, Morogoro, ambako lori la mafuta lililipuka Agosti 2019 na kuua watu zaidi ya 100? Tukazika, kisha kesho yake tukapanga foleni kituoni kama kawaida. Hakuna aliyesema petroli ipigwe marufuku.

Hata hofu yao ya betri ina upogo. Gari la petroli nalo lina betri, tena ya madini ya risasi. Waulizeni wakazi wa Owino Uhuru, Mombasa, waliojengewa tanuri la kuyeyusha betri chakavu ubavuni mwa nyumba zao. Watoto wakakutwa na risasi kwenye damu. Mwaka 2020 mahakama iliamuru walipwe shilingi bilioni 1.3. Betri zile hazikutoka kwenye magari ya umeme.

Kwa hiyo anayeogopa betri kwa dhati asinililie mimi, aende bungeni. Adai sheria inayomlazimisha kila anayeingiza gari au boda boda ya umeme kuirudisha betri ikichakaa, na inayokataza tanuri lolote karibu na makazi ya watu. Boda boda hizo zimeshajaa barabarani. Sheria hiyo inatakiwa mwaka huu, kabla betri zake hazijaanza kutupwa jalalani.