MWENYEJI WA ENDULEN NA JEMBE LAKE

Kwa wanachama wenzetu,

Husemwa katika afisi zetu kwamba kilimo ni uti wa mgongo wa nchi. Neno hili ni kweli. Katika hesabu za Serikali ya Tanzania kilimo hutoa karibu robo ya pato la taifa, na zaidi ya nusu ya watu hupata riziki yao humo. Tena katika hesabu hiyo kilimo si jembe peke yake. Ng'ombe na mbuzi wamo pia. Basi mfugaji wa Endulen, kusini-magharibi ya Kreta ya Ngorongoro, ni mmoja wa wabebao nchi. Kwa nini katika maneno yetu ahesabiwe kuwa mzigo?

Tuangalie mambo yalivyokwenda. Sheria ya mwaka 1959 iliyoanzisha Hifadhi ya Ngorongoro iliwaweka pamoja watu, mifugo na wanyama wa porini, na Wamasai waliotolewa Serengeti wakapewa makao humo. Mwaka 1975 kulima kulikatazwa. Mwaka 1992 Waziri Mkuu, Bwana John Malecela, aliruhusu tena vishamba vidogo. Mwaka 2009 marufuku ilirudi. Na mwaka huo huo taifa zima lilitangaziwa Kilimo Kwanza! Twaona ajabu: neno moja lasema shika jembe, na la pili lasema liweke chini.

Wako wasemao kwamba Mmasai ni mtu wa maziwa na nyama, mahindi ni ya nini kwake? Hao hawakupiga hesabu. Mwaka 1959 wakazi wa Hifadhi walikuwa kama 8,000. Mwaka 2017 walipita 90,000, na ng'ombe hawakuongezeka kwa kadiri hiyo. Maziwa hayatoshi, unga ni lazima. Marufuku haikuondoa haja ya unga, bali iliuhamisha mfuko wa mwenyeji. Mahindi yasiyolimwa Endulen hununuliwa Karatu, na bei yake ni mbuzi au mtamba. Kila mtamba auzwaye kwa ajili ya gunia ni maziwa ya miaka ijayo yaliyoliwa leo. Je, huko ndiko kujenga uchumi?

Wengine husema kwamba wageni huleta fedha, nao hawaji kutazama mahindi. Fedha hizo hatuzikatai. Wala hatuombi matrekta na mashamba ya ngano. Vyanzo vya maji na misitu ya milima ile ni amana ya watu wengi, hata wa Karatu. Twanena kishamba cha mahindi na maharagwe karibu na boma, chenye kipimo na mpaka. Lakini tukumbuke mwaka 2020, ugonjwa wa korona ulipofunga njia: wageni walikoma, na ng'ombe alikamuliwa kila asubuhi kama desturi. Wazee walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Endulen mambo yamegeuka: mgeni hukaribishwa kwa heshima zote, na mwenyeji ndiye aliyenyang'anywa jembe.

Tena tangu mwaka 2022 wanaohamia Msomera, wilaya ya Handeni, hupewa nyumba na shamba. Basi Serikali yenyewe imekwisha kukiri kwamba mfugaji ahitaji shamba. Ikiwa ni haki yake Handeni, haiwezi kuwa kosa la asili yake Endulen.

Nasi watumishi tunayo sehemu yetu, maana sisi ndio tuandikao taarifa. Maziwa yanywewayo bomani hayana stakabadhi, na kisicho na stakabadhi ni rahisi kukiacha. Kisha mkubwa husoma taarifa yetu na kuona kwamba Endulen haitoi kitu. Kwa hiyo twaomba mambo mawili. Kwanza, kila mwanachama aandikaye habari za wilaya ile aandike pia chakula kinacholiwa nyumbani, si kile kiuzwacho tu. Pili, chama kipeleke ombi kwa wakubwa, kwa adabu lakini bila kificho, kwamba shauri la vishamba lifunguliwe upya na wenyeji wenyewe waitwe kusema.

Tusione haya kuomba hivyo. Mshahara wetu na unga wetu vyote viwili hutoka mikononi mwa watu kama hao.